Ni Njiani Tu

Jumamosi asubuhi Soko la Majengo halina pa kuweka mguu. Wauza nyanya wanapanga mafungu yao mpaka katikati ya njia, wauza mitumba wanaimba bei juu ya mafurushi, na mkokoteni ukipita kila mtu anabana tumbo. Ndani ya vurugu hiyo alikuwa anapita dada mmoja mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa lililomkaa sawasawa. Kichwani alikuwa amebeba kiti cha plastiki, miguu juu.

Upande wa pili alikuwa anakuja kijana mwenye bomba refu la maji begani. Mtu mwenye bomba refu anatakiwa ageuke polepole. Huyu aliitwa na muuza viatu akageuka mara moja, ncha ya bomba ikakipiga kiti, kiti kikaruka na kutua juu ya mafungu ya nyanya.

"Kaka! Huna macho?"

"Ninayo, dada. Ila yako mbele, na bomba liko nyuma."

Watu wakacheka. Muuza nyanya hakucheka, na kijana ikabidi anunue zote zilizopondeka. Akabaki ameshika bomba mkono mmoja na mfuko unaovuja mkono wa pili, shati lake jeupe likiingia madoa mekundu. Yule dada alimwangalia, akajitahidi kukasirika, akashindwa.

"Sasa hizo utazifanyia nini?"

"Nitapika mchuzi."

"Unapika mwenyewe?"

"Mwenyewe," alijibu, na huo ukawa uongo wake wa kwanza. Kwao mpishi alikuwa mama yake.

Jina lake lilikuwa Sostenes, fundi wa maji, kazi yake Mvumi. Dada alikuwa Devota, mwalimu mpya, naye alikuwa amepangiwa shule ya sekondari huko huko Mvumi. Ofisi ya walimu ilikuwa na viti pungufu, na mkuu wa shule alimwambia avumilie.

"Mimi mengine navumilia, lakini si kusimama," Devota alisema, akikifuta kiti kwa upindo wa khanga. "Ndiyo maana nimenunua cha kwangu. Tatizo ni kufika. Naishi hapa mjini, Kikuyu, kwa shangazi, na magari ya Mvumi hayaondoki mpaka yajae. Kila siku nachelewa kipindi cha kwanza."

"Nina gari. Ni chakavu, lakini linafika."

Devota alimkazia macho. "Unaishi wapi wewe?"

Hapa ndipo jambo lote lilipoanzia. Sostenes alizaliwa Mvumi na alikuwa akiishi Mvumi, yeye na mama yake, kwenye nyumba iliyo kando ya barabara, na kutoka mlangoni mpaka ofisini kwake alikuwa anakwenda kwa miguu huku akitafuna karanga. Siku ile alikuwa amekuja mjini kufuata bomba tu. Alifungua mdomo aseme hivyo, lakini Devota akamtangulia.

"Nauliza kwa sababu sipendi mtu azunguke kwa ajili yangu. Niliwahi kupewa lifti na mtu aliyekuwa anazunguka. Baadaye akataka nimlipe kwa namna nyingine. Kama mimi si njiani kwako, niambie sasa hivi nibebe kiti changu niende."

"Naishi hapa hapa mjini, Makole," Sostenes alisema. "Kikuyu ni njiani tu."

Wanaume bwana. Angeweza kusema ukweli na kuomba namba ya simu kama watu wengine. Lakini mtu akishapigwa na macho ya aina ile, akili huwa inatafuta njia fupi.

Jumatatu iliyofuata aliamka saa kumi alfajiri. Mama yake, Mama Anyesi, alimsikia akisukuma gari taratibu kutoka uani ili lisiungurume.

"Sosi, kuna bomba limepasuka?"

"Hapana, mama. Naenda mjini mara moja."

"Saa hizi mjini kuna nini?"

"Kuna mwalimu."

Mama Anyesi akacheka gizani. Hakuuliza zaidi.

Basi ikawa ndiyo hivyo. Kila siku ya kazi Sostenes aliendesha kutoka Mvumi hadi mjini, akamchukua Devota, akarudi naye Mvumi. Jioni akampeleka mjini, akageuza gari, akarudi kulala kwao. Mtu mwenye kazi hatua chache kutoka kitandani kwake akawa anaipita barabara ile mara nne kwa siku, na mafuta yakawa yanakula mshahara wake kama mchwa. Macho yake yakawa mekundu. Ofisini wakasema anakunywa.

Lakini ndani ya gari, jamani, ndani ya gari kulikuwa na raha. Wakishaipita Ntyuka, mji unabaki nyuma, mwanga wa kwanza unapanda juu ya vichaka, na vumbi linakuwa la rangi ya dhahabu. Devota alikuwa anaingia ananukia mafuta ya nazi na sabuni, leo blauzi ya bluu na sketi ya kijivu, kesho kitenge, na kabla ya kufunga mlango alikuwa ameshaanza kuongea.

"Fundi, umelala kweli wewe? Makole kuna kelele?"

"Makole kuna jogoo mmoja mjinga."

"Mchinje."

"Si wangu, Mwalimu."

"Basi hamia Kikuyu. Kwetu jogoo wana adabu."

Alikuwa anamletea chapati ya shangazi yake kwenye kitambaa, naye Sostenes alikuwa anampa karanga za kukaanga, bado zina uvuguvugu, zimefungwa kwenye karatasi. Devota alizipenda kupita kiasi.

"Hizi unakaanga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mwanaume anayekaanga karanga hivi, mimi kwake nahamia na begi."

Zilikuwa karanga za Mama Anyesi. Kila alfajiri, na tena asubuhi kwa safari ya jioni, alikuwa anazikaanga kwa mchanga, polepole, mpaka zibadilike rangi bila kuungua, kwa ajili ya binti ambaye hakuwahi kumsikia sauti.

Kwa mbali tu alikuwa anamwona. Nyumba ya Mama Anyesi ilikuwa na ua wa minyaa kando ya barabara, kabla hujaifikia shule. Kila asubuhi gari likikaribia, Sostenes alikuwa anapiga honi mara mbili, kumjulisha mama kwamba amefika salama. Mama naye alikuwa anatoka jikoni, anasimama kwenye uwazi wa ua, anainua mkono. Siku za mwanzo Devota alishangaa.

"Unampigia nani honi?"

"Kuna mbwa anapenda kulala barabarani."

"Na yule bibi?"

"Nadhani anatusalimia."

Tangu siku hiyo Devota akawa anashusha kioo na kupunga mkono. "Shikamoo bibi!" alikuwa anapaza sauti, na vumbi lilikuwa linaifunika sauti kabla haijafika. Kikongwe yule mwembamba, khanga moja kiunoni na nyingine mabegani, alikuwa anaupunga mkono mpaka gari lipotee. Devota akamzoea. Asubuhi, bila kumpungia mtu yule, aliona siku haijaanza.

"Huyo mkwe wangu ana mkono mzuri," Mama Anyesi alimwambia mwanawe jioni moja, wakila ugali wa uwele na mlenda. "Lini utasimamisha hilo gari nimwone uso?"

"Kesho kutwa, mama."

"Kesho kutwa yako nimeshaijua. Una aibu na mama yako?"

"Hapana, mama! Ni kwamba... nilimwambia naishi mjini."

Mama Anyesi aliacha kula. "Ulimwambia unaishi mjini. Mimi nipo wapi, kwa hiyo?"

Sostenes alichovya tonge kwenye mlenda, akaliacha humo. Aibu ilimshika kweli sasa, lakini haikuwa aibu ya mama. Aliogopa uso wa Devota siku atakapojua kwamba alikuwa anazungukiwa, jambo lile lile alilolikataa pale sokoni. Kila siku aliyonyamaza iliifanya siku ya kusema iwe ngumu zaidi. Akajiambia atasema mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia.

Kiangazi kilipokuwa kimekaza, Devota alipiga simu akiwa nyumbani kwa shangazi yake.

"Fundi wangu, nina habari. Shule wananipa nyumba. Vyumba viwili, umeme upo, ni karibu na darasa kiasi kwamba kengele ikigonga naweza kuwa bado nachana nywele."

Moyo wa Sostenes uliruka. Devota akihamia Mvumi, safari zinakwisha, uongo unakufa wenyewe. Atamwambia taratibu, atamchukua kwa mkono mpaka kwa mama, na karanga watakula wote watatu zikiwa za moto.

"Ichukue!" alisema. "Ichukue kesho asubuhi, usichelewe."

Upande wa pili kurasa zilisikika zikifunuliwa.

"Mbona haraka hivyo?"

"Utapumzika, mpenzi. Hii barabara inakumaliza. Unafika vumbi mpaka kwenye kope."

"Nikihamia huko, wewe asubuhi utakuja na nani?"

"Nitakuja peke yangu. Nimezoea."

"Umezoea," Devota alirudia. Alikuwa amekaa kitandani, madaftari ya wanafunzi magotini, na vidole vyake vikaacha kufunua kurasa. "Sawa. Nimekusikia."

Alikuwa ameipima nyumba ile siku nzima. Upande mmoja aliweka usingizi, viatu visivyo na vumbi, na kipindi cha kwanza bila kuhema. Upande mwingine aliweka saa nzima ya asubuhi na saa nzima ya jioni ndani ya gari bovu linalonukia gundi ya mabomba. Saa zile mbili zilikuwa zimeshinda. Alipiga simu ili amwambie kwamba nyumba ameikataa, na alitaka kusikia kwamba Sostenes naye angeikataa. Badala yake alisikia mtu aliyechoka naye, anayetaka kupumzika. Aliikata simu, akalia bila kelele, shangazi asisikie.

Kesho yake shuleni alimweleza mwenzake, Mwalimu Angelina, mama mmoja mnene mwenye maneno ya moja kwa moja.

"Nani huyo? Fundi wa maji mwenye gari la kijivu, taa moja ina plasta?"

"Huyo huyo. Anaishi Makole."

"Makole ipi? Mwanangu, hilo gari linalala hapa hapa Mvumi. Jumapili nikienda kanisani naliona ndani ya ua mmoja, na khanga za mwanamke zimeanikwa. Sikusema kwa sababu nilidhani unajua."

Devota aliketi kwenye kiti chake cha plastiki na hakufundisha kipindi cha tatu. Sasa kila kitu kilikuwa na maana. Karanga za moto asubuhi na mapema. Macho mekundu. Haraka ya kumtaka aingie nyumba ya shule asipitepite tena barabarani. Mtu ana mke. Jioni ile alirudi mjini na magari ya abiria, akazima simu.

Asubuhi iliyofuata Sostenes alimkuta amesimama mahali pale pale pa kila siku, amevaa gauni jeusi, bila chapati. Aliingia, akafunga mlango kwa nguvu, na mpaka Ntyuka hakusema neno.

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

"Endesha."

"Karanga hizo hapo."

"Mpelekee aliyezikaanga."

Sostenes alizisogeza karanga pembeni. Akajua kuna mtu amesema kitu, ila hakujua ni kitu gani.

"Sosi, nakuuliza mara moja tu. Gari hili linalala wapi?"

Alishika usukani kwa mikono miwili. "Devi, naomba nikueleze jioni. Tukae chini. Si kitu unachofikiria."

"Linalala Mvumi?"

"Linalala Mvumi."

"Kwa mwanamke?"

"Devota, nisikilize..."

"Kwa mwanamke, ndiyo au hapana?"

"Ni mwanamke, lakini..."

"Basi!" Alifunika uso kwa mikono. "Nimeikataa nyumba kwa ajili yako. Nimekubali kula vumbi kila siku kwa ajili yako, na wewe una watu wako!"

Ua wa minyaa ukawa unakuja mbele yao. Mkono wa Sostenes ulikwenda kwenye honi kwa mazoea, akapiga mara mbili. Hakutoka mtu. Akapiga tena. Moshi ulikuwa unafuka jikoni, mlango wazi, kuku wanadonoa uani, na kwenye uwazi wa ua hapakuwa na mtu.

Devota, pamoja na machozi yake, alikuwa ameshashusha kioo.

"Leo bibi hayupo," alisema. Kisha akageuka nyuma. "Sosi, yule bibi hajawahi kukosa. Hebu simama."

Mguu wa Sostenes uligusa breki. Aliona yote kwa mara moja: anashuka, anaita "mama", na Devota anashuhudia uongo wa miezi yote katikati ya ugomvi, huku akiwa na hasira za kuua. Nusu saa tu, alijiambia. Namshusha shuleni, narudi peke yangu, jioni namleta kwa heshima.

"Labda kaenda kisimani," alisema. "Utachelewa kipindi."

Akatoa mguu kwenye breki.

Langoni kwa shule Devota alishuka bila kuaga. Sostenes alipiga simu ya mama, haikupatikana. Halikuwa jambo geni, simu ile mara nyingi ilikuwa haina chaji. Akageuza gari arudi nyumbani, na papo hapo bosi wake akamfuata na gari la ofisi, watu wamepanda nyuma, vifaa tayari. Mashine ya kisima cha kijiji cha pili ilikuwa imekufa tangu jana, kina mama wamelala foleni na ndoo.

"Sostenes, panda, tunakusubiri wewe!"

"Bosi, nipite nyumbani kidogo..."

"Utapita tukirudi. Wewe ndiye unayeijua hiyo mashine."

Akapanda. Saa tano hivi, mikono yake ikiwa na grisi hadi kwenye viwiko, jirani yao Mzee Matonya alimpigia. Hakusema mengi. Alisema njoo nyumbani, baba, na sauti yake ilikuwa ile ambayo watu wazima huitumia wakiwa hawataki kulitaja jambo kwenye simu.

Mchana walimu walitangaziwa kwamba mama wa fundi wa maji amefariki, na kama ilivyo kawaida wakatoka kundi zima kwenda msibani, wakibeba viti vya ofisini. Devota alikwenda akiwa amechanganyikiwa. Hakujua kwamba Sostenes ana mama hapa Mvumi. Kundi lilipokata kushoto na kuingia kwenye ua wa minyaa, alisimama barabarani, wenzake wakampita.

Ukutani sebuleni palikuwa na picha ya Sostenes akiwa na sare ya shule ya msingi, meno mawili ya mbele hayapo, na nyuma yake amesimama mwanamke mwembamba aliyeinua mkono kuzuia jua. Devota aliujua ule mkono. Kwenye kamba nje khanga zilikuwa bado zimeanikwa. Jikoni, kando ya mafiga, palikuwa na kikaango chenye mchanga na karanga zilizoiva upande mmoja.

"Wewe ndiye mwalimu?" Mzee Matonya alimwuliza taratibu.

"Shikamoo. Ndiyo, ni mimi."

"Marahaba. Marehemu alikuwa anakusema kila siku. Kijana wetu anaamka usiku wa manane anakwenda kukufuata mjini, anakuleta, anakurudisha. Tulikuwa tunamcheka." Mzee alijifuta uso. "Alianguka kati ya jikoni na ua. Nadhani alikuwa anakuja kwenye honi. Nilipopita kuomba moto alikuwa bado anapumua, lakini hakufika hospitali. Daktari kasema ni kichwa, mshipa. Labda ingekuwa mapema zaidi. Labda isingesaidia. Nani ajuaye."

Devota alitoka nje akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Kilikuwa kile cha plastiki, kile cha Majengo, walimu wenzake walikuwa wamekibeba na vingine. Alilia akiwa amekumbatia mkoba, na akina mama waliokuwa hawamjui wakamshika wakimwita mkwe, wakamwambia jikaze. Aliposikia neno lile alilia zaidi.

Walimzika kesho yake jioni, nyuma ya nyumba. Sostenes alitupa udongo wake na hakumtazama mtu. Devota alipomfikia na kumshika mkono, mkono ule ulikuwa umelegea.

"Pole, Sosi."

"Asante, Mwalimu," alimjibu kama anavyomjibu kila mtu.

Zilipita siku bila simu. Devota akaichukua nyumba ya shule. Sasa alikuwa karibu na kazi, usingizi tele, viatu safi, na hakuna alichokichukia duniani kama ule ukaribu. Kila alfajiri aliamka kabla ya kengele, akashika ufagio, akaenda kufagia uwanja wa Mama Anyesi. Hakuna aliyemtuma. Sostenes alikuwa akimsikia akiwa ndani, na hakutoka. Siku moja alitoka.

"Acha, Devi. Utachelewa kipindi."

Ufagio ulisimama. Wote wawili waliyakumbuka maneno yale yaliposemwa mara ya mwisho.

"Kwa nini hukuniambia?" Devota aliuliza. "Nilimpungia mama yako mkono miezi yote ile nikimwita bibi wa watu. Ningeshuka. Ningempikia chai. Ningemwamkia kwa magoti!"

"Ulisema hutaki mtu azunguke kwa ajili yako."

"Nilisema! Sokoni, kwa mtu nisiyemjua, aliyeniangushia kiti! Ukaibeba hiyo mpaka huku?"

"Nilikuwa naogopa utashuka kwenye gari."

Alimwangalia, amekonda, ndevu zimeota ovyo, na hasira zikamwisha. "Na mimi nina langu, Sosi. Nilikwambia simama, ulipokataa nikanyamaza. Mlango ulikuwa upande wangu. Ningepiga kelele ungesimama. Nilikuwa nimekasirika, nikataka nifike tu."

"Usijibebeshe. Hukujua ni mama."

"Nilijua ni mtu."

Walisimama hivyo, jua likipanda. Devota alimsogelea, akaweka kichwa kifuani pake, na Sostenes akamshika, akamshika kwa nguvu, kisha akamwachia.

"Nakupenda," alisema. "Hilo usiliulize popote. Lakini kila ukiongea namsikia yule aliyesema simama. Ukicheka nasikia. Ukinyamaza nasikia. Nimeomba uhamisho. Wamenipa Mtera."

"Nikikuomba ubaki?"

"Nitabaki. Na nitakuwa nakukwepa hapa hapa, nyumba kwa nyumba. Unataka tuishi hivyo?"

Devota alitikisa kichwa.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha Sostenes alipoondoka. Uwanja ulikuwa umeanza kuota majani, na udongo ulinukia. Alipakia godoro, vifaa vyake vya kazi na kikaango cha mama. Devota alikuja amevaa lile gauni la kitenge cha machungwa, khanga begani, macho yamevimba, na mkononi ana chapati kwenye kitambaa.

"Za safari. Nimepika mwenyewe, kwa hiyo ni ngumu."

Sostenes alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. Akatoa ufunguo mfukoni, akamwekea kiganjani.

"Uwe unafungua madirisha. Nyumba ikifungwa sana inaoza. Na kaburi, mbuzi wasiingie."

"Nitaangalia."

"Nikipata nafasi Jumamosi nitapita kuona."

"Kutoka Mtera?" Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke. "Mvumi si njiani kwa mtu wa Mtera, Sosi. Ni kuzunguka."

Sostenes alipanda, akawasha gari. Aliangalia mbele, kwenye barabara aliyoijua kila shimo, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu aliyechoka sana.

"Ni njiani tu," alisema.

Safari hii wote wawili walijua ni uongo, na Devota aliupokea kama ulivyo, akaukunja moyoni pamoja na ufunguo. Gari likatoka uani taratibu. Lilipofika barabarani, mkono wa Sostenes ulikwenda kwenye honi kwa mazoea, akapiga mara mbili.

Devota alitembea haraka mpaka kwenye uwazi wa ua wa minyaa, akasimama pale alipokuwa akisimama Mama Anyesi, akainua mkono. Mbele kule taa nyekundu za nyuma ziliwaka, gari likasimama. Lilisimama kwa muda, injini ikinguruma, mlango haukufunguliwa. Kisha taa zikazimika, likaondoka, likakata kona ya mwisho.

Devota aliupunga mkono mpaka sauti ya injini ilipopotea. Halafu akaushusha, akajifuta uso kwa khanga, akaingia ndani kufungua madirisha.